Kupima tunutu wa nzige wa jangwani

Ukikuta kundi la tunutu, yaani nzige wachanga wasioweza kuruka bado, kama yale yaliyotapakaa Samburu na Turkana nchini Kenya mwaka 2020, wapime alfajiri, wakiwa bado wamezubaa kwa baridi vichakani. Rula ya milimita inatosha. Pima kuanzia paji la uso hadi ncha ya tumbo. Vipapasio vya kichwani na miguu usihesabu.

Urefu huonyesha hatua ya ukuaji: kwa wastani, hatua ya kwanza ni milimita 7, ya pili 15, ya tatu 20, ya nne 33, ya tano 50. Pima kadhaa, si mmoja, kwani tumbo hujaa na kunywea, na ukubwa hupishana.

Ndiyo maana mimi huamini zaidi mabawa kuliko urefu. Hatua mbili za mwanzo, kwa macho ya kawaida hutaona kitu. Ya tatu, vichipukizi vya mabawa huanza kuchomoza ubavuni. Kinachowasumbua wengi ni kutofautisha ya nne na ya tano, maana wote ni wa manjano wenye madoa meusi. Hapo linganisha kichipukizi na lile gamba la mgongoni lililo nyuma ya kichwa, ukilipima katikati kwa urefu wake. Kichipukizi kikiwa kifupi kuliko gamba, ni ya nne. Kikilizidi, ni ya tano, na akijivua ngozi mara moja tu anakuwa nzige kamili mwenye mabawa. Wa hatua hiyo ripoti siku hiyo hiyo kwa ofisa kilimo, kabla hawajaruka.