Kabla ya haradali, onja soseji tupu

Ukinunua soseji za Kijerumani za aina mbili tatu ili ujue ipi tamu, usizikaange. Mafuta ya kikaangio hufunika ladha ya moshi, na moshi ndio unaoutafuta. Chemsha maji, zima jiko, ndipo uzitumbukize kwa dakika kama 8. Maji yakitokota ngozi hupasuka na utamu wote huishia sufuriani. Frankfurter halisi, soseji ya mji wa Frankfurt, ni nyama ya nguruwe ndani ya utumbo mwembamba wa kondoo, kwa hiyo ukiing'ata ngozi isikike ikikatika. Za Kiviena (Wiener), yaani za mtindo wa mji wa Vienna, huchanganywa na nyama ya ng'ombe. Zionje zikiwa bado za moto, ukitafuna kipande cha mkate kati ya moja na nyingine. Haradali baadaye, maana hiyo huipendezesha hata soseji mbovu.