Jinsi ya kupiga hesabu za kundi kabla ya mechi ya mwisho

Mtu akikwambia "sisi tunahitaji sare tu", mpe chaki aandike. Mara nyingi ataishia kwenye pointi, na pointi ndiyo sehemu rahisi ya hesabu.

Mimi naonyesha mpira kwenye kibanda umiza huku Mbagala, na ubao wangu wa msimamo uko pembeni ya televisheni. Mashindano ya vijana ndiyo yanayoufanyisha kazi kuliko ligi. Ligi ina mechi nyingi, ukikosea leo utajirekebisha mwezi ujao. Kundi la vijana chini ya miaka 17 lina timu nne na kila timu inacheza mechi tatu tu, halafu mtu anaenda Kombe la Dunia au anarudi kwao.

Kabla hujaandika chochote, tafuta kanuni ya timu zinazolingana pointi. Hapo ndipo wabishi wengi wanapoanguka. Kwa miaka mingi kwenye mashindano ya FIFA tofauti ya mabao ya kundi zima (ya kufunga ukitoa ya kufungwa) ndiyo iliyotangulia. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wao huanza na matokeo ya wao kwa wao: waliolingana walipokutana nani alimfunga mwenzake? Wakiwa watatu au wanne, unatoa mechi zao peke yake na kuzitengenezea msimamo mdogo: pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga. Bado wamelingana? Ndipo unarudi kwenye mabao ya kundi zima, na mwisho kabisa ni kura. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma ya mashindano ya mwaka huo, usitegemee uliyoikariri.

Kisha andika matokeo yote, bao kwa bao. Usiandike "ameshinda" ukaacha hapo. Nitatumia kundi ambalo Watanzania wengi bado linawauma: Kundi B la Kombe la Afrika chini ya miaka 17 kule Gabon, Mei 2017. Timu zilikuwa nane kwenye makundi mawili, na mbili za juu kila kundi ziliingia nusu fainali na kukata tiketi ya Kombe la Dunia India papo hapo. Serengeti Boys, vijana wetu wa Tanzania, walitoka 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1. Niger na Angola walitoka 2-2, kisha Mali ikaifunga Niger 2-1. Ubao kabla ya siku ya mwisho (mabao ya kufunga kwanza, kisha ya kufungwa):

Mali, pointi 4, mabao 2-1
Tanzania, pointi 4, mabao 2-1
Niger, pointi 1, mabao 3-4
Angola, pointi 1, mabao 3-4

Tazama hapo. Juu mapacha, chini mapacha. Zilizobaki ni Tanzania na Niger, Mali na Angola.

Sasa gawa ubao kwa matokeo ya mechi yako: kushinda, sare, kufungwa. Kila moja ulipambanishe na matokeo matatu ya mechi ya pili. Jumla ni visa tisa, lakini huhitaji kuvihangaikia vyote. Tukishinda tuna 7, umemaliza. Tukitoka sare tuna 5. Niger anabaki na 2 na Angola hata akishinda anafika 4. Umemaliza pia. Kwa hiyo wa "sare tu" walikuwa sahihi. Ila swali la maana ni lile wasilopenda kuulizwa: tukifungwa je?

Tukifungwa, sisi na Niger wote tuna 4. Mali asipofungwa na Angola, wanaolingana ni wawili tu, na Niger ndiye aliyetufunga. Mjadala umefungwa. Wateja wangu walikuwa wanashikilia kwamba tofauti yetu ya mabao ilikuwa nzuri kuliko ya Niger. Ni kweli ilikuwa nzuri, na haikuwa na kazi yoyote. Hata Angola tungeifunga kumi, kwa kanuni ile Niger angepita tu.

Kisa kitamu ni cha mwisho: sisi tufungwe, na Angola amshangaze Mali. Hapo timu zote nne zina pointi 4! Weka 1-0 na 1-0 uone. Mali 2-2, Tanzania 2-2, Niger 4-4, Angola 4-4. Wote tofauti ni sifuri. Unahamia mabao ya kufunga, na waliokuwa chini, Niger na Angola, wanapanda wote wawili. Vinara wawili wanafungasha mabegi. Lakini badilisha kidogo: Angola ashinde 1-0 ileile, sisi tufungwe 4-3. Tunakuwa na mabao 5-5, Angola 4-4, na tunapita nyuma ya Niger huku tumefungwa. Mlango ulikuwepo, mwembamba, na usingeuona bila kuandika.

Ilivyokwenda kila mtu anajua. Niger akashinda 1-0, Mali akaipiga Angola 6-1. Tulilingana na Niger pointi 4, tofauti sifuri kwa sifuri, akaenda India yeye.

Siku yenyewe, mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja ili timu zisipangiane matokeo. Nawe uwe na simu inayofuatilia mechi ya pili, na mtu mmoja tu wa kuisoma. Wakisoma watano utapata matokeo matano. Chora visa vilivyobaki mapema, kisha kila bao likiingia unafuta kilichokufa. Wenye mikeka ya kubeti wao wana hesabu zao, usiwaachie chaki.

Mechi ikiisha, usifute ubao. Mashindano ya vijana yana jambo moja ambalo ya wakubwa hayana: umri. Tiketi ya Gabon yenyewe tuliipata hivyo. Kongo Brazzaville walitutoa mwaka 2016 kwa kanuni ya mabao mengi ya ugenini, tulipolingana 3-3 kwa jumla, kisha CAF ikawaondoa kwa suala la umri wa mchezaji wao. Mwaka 2019 fainali zilipokuja Dar es Salaam, Guinea walifika fainali, lakini wakaenguliwa kwa udanganyifu wa umri na Senegal ndiyo ikaenda Kombe la Dunia Brazil. Kwa hiyo pembeni ya msimamo mimi huandika "wa muda", na malalamiko yakisikika naweka alama ya kuuliza mbele ya timu inayolalamikiwa.

Kwa mashindano ya sasa ongeza mstari mmoja. Kombe la Dunia la umri huu sasa lina timu 48, na Afrika ina nafasi kumi. Mwaka 2025 kule Morocco makundi yalikuwa manne. Wawili wa juu walipita moja kwa moja, na washika nafasi ya tatu wakacheza mechi za mchujo kugombea nafasi mbili zilizobaki. Uganda walianza kwa kufungwa 5-0 na wenyeji. Wakatufunga sisi 3-0, wakamaliza wa tatu, wakaifunga Gambia kwenye mchujo na kwenda Qatar. Kwa hiyo ukifungwa tano siku ya kwanza usifute jina. Andika matokeo, kisha tafuta nani yuko wa tatu kwenye makundi mengine.