Kadi ya grafiki kwa kompyuta ndogo ya vioo vingi: acha kuuliza GB, hesabu matundu

Kila nikimsindikiza mtu Kariakoo kununua kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenda kwenye vioo vya kompyuta, swali la kwanza analouliza dukani ni "hii ya GB ngapi", yaani kumbukumbu ya kadi, muuzaji anajibu ya nne hiyo boss, hela inatoka, watu wanaagana. Kwa mtu wa magemu sawa GB zina maana yake, ila wewe unayetaka vioo vitatu mezani, kimoja Excel, kimoja barua pepe, kingine mfumo wa kazi, GB 2 zinakutosha kabisa. Kinachowaliza watu ni kimo cha kadi, wati, na matundu ya nyuma ya kuchomekea vioo.

Mi naongelea hizi mashine za ofisi zilizotumika zinazotoka Ulaya, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zile nyembamba zinazoitwa SFF. Kama yako ni ile ndogo zaidi saizi ya kitabu, mfano Dell Micro, humo ndani hamna sloti (nafasi ya kuchomeka kadi) ya kadi ya kawaida kwa hiyo usihangaike nayo. Lenovo Tiny ndo zina afadhali, M720q na M920q zinakubali kadi fupi ukiweka kile kibao kidogo cha saketi cha kugeuza sloti, ambacho unanunua pembeni.

Kabla hujatoa hata mia, geuza mashine uangalie nyuma. OptiPlex 7010 na 9020 SFF zina DisplayPort mbili na VGA moja (hizo ni aina za poti, yaani matundu ya kioo, VGA ndo ya zamani), na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha tatu (zile i5-3 elfu na kitu) zinaweza kuwasha vioo vitatu bila kadi yoyote. Kizazi cha pili ni viwili tu, hapo hamna ujanja. Alafu kuna mtego kwenye hicho kizazi cha tatu ambao umesumbua wengi: ili kioo cha tatu kiwake, viwili kati ya hivyo lazima viwe vimechomekwa kwa DisplayPort halisi, ukitumia zile adapta rahisi za kwenda HDMI kwenye poti zote mbili na VGA juu yake, cha tatu kinabaki cheusi na utabadilisha kebo mpaka uchoke. Sio kebo, ni prosesa ndo ina mipaka. Nunua adapta zenye saketi ya kubadilisha ndani, zile wanaita aktivu, au tumia monita zenye DisplayPort yake. Dada yangu anafanya mahesabu ya maduka matatu nyumbani na vioo vyake vitatu vinawaka hivo hivo, hana kadi.

Sasa kama poti hazitoshi, mfano OptiPlex 3020 yenye DisplayPort moja na VGA moja, au unataka vioo vinne, hapo ndo tutafute kadi. Anza na kimo. Kuna bodi ya kadi na kuna kile kibati cha nyuma kinachofungwa kwa skrubu, ni vitu viwili tofauti. Kibati kirefu ni kama sentimita 12, kifupi ni kama sentimita 8, na SFF inataka kifupi. Kibati unaweza kubadilisha, bodi ndefu huwezi kuikata. Mimi niliuziwa kadi ambayo bodi ni fupi ila kibati kirefu, muuzaji akaniapia itaingia, kumbe mfuniko haufungi, nikakaa wiki tatu mashine iko wazi inakula vumbi natafuta kibati kifupi mji mzima na hakuna duka linaloviuza peke yake. Toka siku hiyo sitoki dukani bila kibati kifupi mkononi, hata kadi iwe nzuri vipi. Angalia na unene, mara nyingi sloti kubwa iko karibu na pawa saplai au ukuta wa kasha la mashine, kadi yenye feni nene inayokula nafasi ya sloti mbili haikai.

Wati. 7010 SFF ina pawa saplai ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi lazima ile umeme wa sloti peke yake. Sloti ya x16, ile ndefu ya kadi ya grafiki, inaruhusiwa hadi wati 75 lakini mashine nyingine ndogo zimebanwa chini ya hapo, ndo maana mi nashauri ubaki kwenye 50 kushuka.

Ukishapata hayo, chaguo langu la kwanza ni Quadro P620 ya Nvidia. Wati 40, GB 2, matundu manne ya mini DisplayPort, yaani vioo vinne, na hazina gharama ya kutisha zikiwa zimetumika. Ndugu yake P400 ina matatu na inakula wati 30. Ukitaka mpya kidogo kuna T400 yenye matatu na T600 yenye manne. GT 1030 watu wanaipenda kwasababu inapatikana kila kona, lakini ni vioo viwili tu, usiinunue kwa kazi ya vitatu. NVS 310 na 315 ziache hata kama ni bei ya soda, ni kizazi ambacho Nvidia waliacha kukitolea draiva (programu za kuendesha kadi) za kawaida tangu 2018.

Kwenye hesabu weka na adapta. Mini DisplayPort kwenda HDMI ni kitu kidogo, ila monita zetu nyingi za mtumba ni za VGA, na huko lazima iwe adapta aktivu maana DisplayPort haitoi mawimbi ya VGA. Adapta nne zinaweza kukaribia bei ya kadi yenyewe, kwa hiyo uliza bei zake siku hiyo hiyo.

Kadi feki zipo jamani. Wanachukua chipu ya zamani wanaiandikia jina la GTX 1050 Ti, Windows inasoma hilo jina unafurahi. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, omba waichomeke dukani, ikiwa feki itaandika kabisa FAKE mbele ya jina.

Ukifika nyumbani chomoa umeme, gusa bati la kasha kwanza, kandamiza kadi mpaka isikike tiki. Ukishaweka kadi, mashine nyingi huzima poti za mazabodi, yaani zile za mashine yenyewe, kama bado unazihitaji ingia bayosi, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka (F2 kwa Dell, F10 kwa HP), utafute sehemu ya video, kwa Dell imeandikwa Multi-Display, uiwashe. Kisha bonyeza kulia kwenye deskitopu, fungua mipangilio ya skrini, buruta vile viboksi vya namba vikae kama monita zilivyo mezani, la sivyo mausi itakuwa inatokea upande ambao sio.