Projekti ya mwaka wa mwisho CS (sayansi ya kompyuta): anza na shida ya watu

Wadogo zangu mnaosoma CS huku Mbeya na Iringa, kabla hujaandika proposo tafuta kwanza mtu mwenye shida, usianze na "nataka kutumia AI (akili bandia)" halafu ndo uhangaike pa kuibandika. Panda daladala mpaka Uyole, Mbeya, waulize wakulima wa viazi mviringo ukungu wanautambuaje na wanapiga dawa lini, we andika majibu kama walivyosema.

Swali liwe dogo. Mfano, modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano) iliyofundishwa kutambua ugonjwa kwa picha za mtandaoni inapatia kiasi gani kwenye majani ya huku kwetu? Hapo pana utafiti kabisa, maana dataseti ya PlantVillage (mkusanyiko wa picha za majani ulioko mtandaoni) kwenye viazi ina picha 2,000 za majani yenye ugonjwa na 152 tu za majani mazima, kwa hiyo modeli ikijibu "mgonjwa" kila mara inapata karibu 93% bila kujua chochote!! Ndo maana toa matokeo ya kila kundi peke yake.

Halafu zile picha ni jani limechumwa, nyuma hakuna kitu. Zako piga kwa simu, jani likiwa na umande na tope, mtaalamu wa kilimo aziwekee lebo, na picha za mmea mmoja zisiingie kwenye mafunzo ya modeli na majaribio yake kwa pamoja.

Kilimo hakikuvutii? Rekodi sauti za Kinyakyusa au Kihehe za kufundishia modeli, kwa ridhaa ya wasemaji. Projekti za hospitali nazo nzuri ila omba kibali mapema sana, kinachelewa.