Vipele sugu vya kisogoni: namna ya kujiandaa kwa tiba ya leza nchini Uganda

Vipele vigumu vinavyoota kisogoni kwenye mpaka wa nywele, vikatoa usaha, vikakauka na hatimaye kuacha makovu yaliyovimba yasiyoota nywele tena, huwasumbua zaidi wanaume weusi wenye nywele za kipilipili, kuanzia umri wa kubalehe na kuendelea. Madaktari wa ngozi huuita ugonjwa huu akne keloidalisi, ijapokuwa si chunusi, bali ni uvimbe wa kudumu wa vinyweleo. Leza inaweza kuutuliza, mradi mgonjwa aelewe tangu mwanzo kwamba kazi ya leza ni kuua vinyweleo na wala si kufuta makovu, na kwamba sehemu iliyotibiwa huenda isiote nywele tena. Kisogoni watu wengi hulikubali hilo bila shida. Utosini ni habari nyingine.

Kwa sababu hiyo, anza kwa kupata jina sahihi la ugonjwa wako. Kliniki za ngozi katika hospitali za rufaa za Mulago na Mbarara zinaweza kukupima, na daktari akiona haja atachukua usaha au kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya maabara. Mapunye yaliyovimba na kutoa usaha, hasa kwa watoto, hufanana sana na ugonjwa huu, lakini hutibiwa kwa vidonge vya kuua kuvu. Utosini kuna ugonjwa mwingine unaoitwa folikulaitisi dekalvansi, ambao mara nyingi huhusishwa na bakteria aina ya stafilokokasi, na dalili yake mojawapo ni nywele nyingi kuchomoza pamoja kwenye tundu moja mithili ya nyuzi za mswaki. Huo hutibiwa kwanza kwa dawa, na mojawapo ya tiba zinazotumika ni rifampisini pamoja na klindamaisini kwa wiki 10. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na kuinunua kiholela dukani ni kuwazoesha bakteria wa kifua kikuu dawa ambayo huenda ukaihitaji baadaye. Isitumike bila daktari.

Leza haipigwi juu ya ngozi yenye usaha. Daktari atatuliza uvimbe kwanza, pengine kwa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kupaka, au sindano ya triamsinoloni ndani ya vinundu. Wakati huohuo zungumza na kinyozi wako, kwa sababu dawa nyingi hushindwa kwenye kiti chake. Maneno machache yanatosha: “Kaka, leo usipitishe wembe kisogoni, na mashine usiibane kwenye ngozi, niachie nywele kidogo.” Kola ngumu nazo zinasugua mahali palepale. Mwendesha bodaboda hawezi kuacha kofia ya usalama, lakini anaweza kuvaa chini yake kitambaa laini cha pamba na kukifua kila siku.

Suala la mashine ndilo linalopaswa kukuchukulia muda mrefu zaidi, hata kabla ya kuuliza bei. Mwanga wa leza hunyonywa na melanini, yaani rangi ya asili iliyo ndani ya unywele, ukageuka joto linaloharibu kinyweleo. Ngozi nyeusi nayo ina melanini nyingi, kwa hiyo mashine isiyofaa huichoma ngozi kabla ya kukifikia kinyweleo, ikaacha malengelenge, madoa meusi au mabaka meupe. Mashine inayokubalika zaidi kwa ngozi yetu ni Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa mwanga wake huzama ndani zaidi na hunyonywa kidogo na ngozi ya juu. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755, pamoja na zile mashine za mwanga mkali ambazo si leza ingawa baadhi ya saluni huziita hivyo, ni za kuepuka. Uliza wazi: “Daktari, mashine hii ni ya nanomita ngapi, na mmewahi kuitumia kwa mtu mweusi kama mimi?” Anayekereka kwa swali hilo mwache. Hakikisha pia kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda, kisha omba ajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri siku kadhaa aone ngozi inavyopokea.

Kwa wiki nne hadi sita kabla ya tiba, usizing’oe nywele za kisogoni wala kuzitoa kwa nta, kwani leza huufuata unywele uliomo ndani. Kwa mzee mwenye mvi, leza haina cha kushika. Acha mkorogo mapema, epuka jua kali, na mweleze daktari dawa zote unazotumia.

Siku yenyewe nywele hupunguzwa mno, mtu hufungwa miwani ya kinga, na ngozi hupoozwa kila mara mwanga unapopigwa. Utasikia mchomo mfupi na harufu ya nywele zilizoungua. Wekundu na uvimbe mdogo kuzunguka vinyweleo ni jambo la kawaida kwa saa kadhaa au siku moja hadi mbili. Kitambaa chenye maji baridi hutosha. Lengelenge au maumivu yanayozidi yakurudishe kliniki mara moja. Usikwangue, na ukienda juani paka kinga ya jua au funika kisogo.

Tiba hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, mara nyingi kwa vipindi vinne au zaidi, kwa hiyo uliza gharama ya vipindi vyote kabla ya kulipia cha kwanza. Vipele vidogo vya mwanzoni ndivyo vinavyoitikia vizuri zaidi. Kovu kubwa lililokwisha kuwa bamba gumu huhitaji daktari wa upasuaji, ambaye anaweza kulikata na kuliacha jeraha wazi lijifunge lenyewe kwa wiki kadhaa.