Namna ya Kuitembelea Bristol, Bandari ya Kale ya Uingereza, kwa Siku Moja

Kabla hujanunua tiketi ya treni ya kwenda Bristol, tafuta kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa la siku utakayofika. Ushauri huu unaweza kumshangaza mtu wa bara, lakini aliyekulia Lamu au Unguja ataelewa upesi. Mji huu umejengwa kando ya mto Avon, kilomita kadhaa kutoka baharini, na mto huo hupanda na kushuka pamoja na maji ya hori la Severn, ambako tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hupita mita 12, ilhali Mombasa bamvua haifiki hata mita 5. Kwa karne nyingi meli zilizofunga gati katikati ya mji zilibaki zimekalia tope mara mbili kila siku, na chombo ambacho ubavu wake haukuwa imara, au shehena yake haikufungwa sawasawa, kiliharibikia papo hapo. Mwaka 1809 ndipo ilipokamilika kazi ya mhandisi William Jessop ya kuuzuia mto kwa malango, ili maji yabaki ndani ya bandari muda wote, na mto wenyewe ukachimbiwa mkondo mpya upande wa kusini. Ukilikumbuka jambo hilo moja, utaona kwamba karibu kila kitu cha kutazamwa hapa kilijengwa kwa ajili ya maji hayo au kwa fedha zilizoingia kupitia kwayo.

Treni kutoka kituo cha Paddington jijini London huchukua kama saa moja na dakika 40 kufika Temple Meads, kituo kilichofunguliwa mwaka 1840 kwa usanifu wa mhandisi Isambard Kingdom Brunel, jina ambalo utakutana nalo tena kabla jua halijatua. Vaa viatu vya kutembelea, kwa kuwa mji una vilima vikali, na usiache koti la mvua hata asubuhi ikiwa nyeupe.

Anza na kanisa la St Mary Redcliffe, umbali mfupi kwa miguu kutoka kituoni. Mnara wake una urefu wa zaidi ya mita 80, nalo lilijengwa kwa fedha za wafanyabiashara wa bandari, ndiyo maana wageni wengi hulidhania kuwa kanisa kuu la jimbo. Watu huingia moja kwa moja kutazama dari, lakini mimi ningekushauri upite kwanza uani, ambako kipande cha reli ya tramu kimechomoza ardhini kama mkuki. Kilirushwa hapo na bomu la Wajerumani mwaka 1941, kikapita juu ya nyumba na kujichomeka, na wenyeji wakaamua kukiacha kilipoangukia.

Kutoka hapo vuka daraja la Bristol Bridge uingie mtaa wa Corn Street, uliokuwa moyo wa biashara. Mbele ya jengo la Exchange, lililokamilika mwaka 1743, utaona meza nne za shaba zenye umbo la msumari mnene, ambazo juu yake wafanyabiashara walihesabiana fedha hadharani. Inua macho uitazame saa ya jengo hilo, yenye mishale miwili ya dakika. Kabla ya reli, kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake, na jua la Bristol huchelewa kwa dakika kama 10 nyuma ya lile la London, na kwa hiyo abiria wa treni walihitaji kujua saa zote mbili, mpaka mwaka 1852 mji ulipokubali kufuata saa ya Greenwich, yaani ya London. Sisi tuliozoea kutoa au kuongeza saa sita kila tukiulizwa wakati hatuna sababu ya kuwacheka. Soko la St Nicholas liko nyuma ya jengo hilohilo, na hapo ndipo pa kula chakula cha mchana bila kupoteza muda.

Sasa teremka hadi bandarini, na hapa nakusihi usiharakishe. Msomaji aliyefika Mkunazini, Unguja, akakiona chumba walimofungiwa watumwa, asitegemee kukiona chumba kama hicho Bristol. Kati ya mwaka 1698 na 1807 meli za mji huu zilifanya zaidi ya safari 2,000 za biashara ya utumwa, lakini wengi wa waliobebwa walitolewa Afrika Magharibi na kuuzwa Karibi na Amerika bila kukanyaga gati hili. Kilichofika hapa ni sukari, tumbaku na faida. Kwa hiyo ushahidi wake unapaswa kuutafuta katika nyumba nzuri, na iliyo bora kwa kazi hiyo ni Georgian House, namba 7 mtaa wa Great George, iliyokuwa ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis. Hulipi kiingilio, ila hakikisha imefunguliwa, maana hufungwa majira ya baridi. Shuka hadi chini kabisa, ulitazame birika la mawe ambamo mwenye nyumba alijitosa katika maji baridi, kisha ujiulize ni nani aliyekuwa akimwandalia nguo. Mtumishi wake aliitwa Pero, aliyenunuliwa mwaka 1765 akiwa na umri wa miaka 12, na daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa, lililofunguliwa bandarini mwaka 1999, limepewa jina lake.

Karibu na daraja hilo, tarehe 7 Juni 2020, waandamanaji waliitosa majini sanamu ya Edward Colston, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya kusafirisha watumwa, na ambaye mji ulimsimamishia sanamu hiyo mwaka 1895. Leo iko katika makumbusho ya M Shed, hatua chache ng'ambo ya pili, ikiwa imelazwa chali na rangi ya waandamanaji ikiwa bado mwilini. Kanisa Kuu la Bristol unaweza kulipitia kwa nusu saa ukiwa upande wa Great George.

Saa mbili nzima ziweke kwa ajili ya meli SS Great Britain. Ndiyo meli kubwa ya kwanza ya bahari kuu kuunganisha bodi ya chuma na rafadha, ikashushwa majini hapa mwaka 1843, ikaishia kutelekezwa katika visiwa vya Falkland, na mwaka 1970 ikakokotwa kurudi katika gudi, yaani shimo la kuundia meli, lilelile ilimozaliwa. Juu ya gudi hilo limetandazwa bapa la kioo lenye maji membamba, hata meli ionekane inaelea. Ukiteremka chini ya kioo hicho, hewa hubadilika ghafla na midomo hukauka, kwa sababu mashine hupunguza unyevu hadi asilimia 20 hivi, kuzuia chumvi iliyonyonywa na chuma isiendelee kukila.

Brunel huyohuyo ndiye aliyesanifu daraja la kuning'inia la Clifton, ingawa alifariki mwaka 1859, miaka mitano kabla halijafunguliwa. Mwenda kwa miguu halipi. Fika pale maji yakiwa yamekupwa, utazame chini uone mto mzima umekuwa uzi wa maji kati ya kuta za tope la kahawia.

Ukiwa na siku ya pili, panda basi hadi Henbury, kwenye ua wa kanisa la St Mary. Humo amezikwa kijana aliyeitwa Scipio Africanus, mtumishi Mwafrika aliyefariki mwaka 1720 akiwa na miaka 18, chini ya mawe yaliyochongwa malaika weusi. Siku kama kumi baada ya sanamu ya Colston kuangushwa, mtu asiyejulikana alilivunja jiwe mojawapo.