Umwendee Mheshimiwa au Mwanaharakati? Jinsi ya Kulipeleka Jambo la Mazingira kwa Anayeweza Kulimaliza

Mto ukianza kutoa povu, au kiwanda kikianza kujengwa kando ya kijiji, watu hurudia ubishi ule ule: ni wanasiasa au ni wanaharakati wanaoweza kuyatendea mazingira makubwa zaidi? Wanaowatetea wanasiasa husema kuwa sheria hupitishwa bungeni na kutiwa saini na rais, na mengine yote ni kelele za barabarani. Wanaowatetea wanaharakati husema kuwa ni nadra mheshimiwa kuulinda msitu bila kusukumwa. Kila upande una ushahidi wake, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi. Mwongozo huu ni wa mwananchi wa Kenya asiye na nafasi ya kubishana, aliye na jambo moja mkononi, kikundi cha watu kumi au ishirini, na pesa kidogo za nauli na za kutoa nakala. Yeye anataka kujua abishe mlango gani kwanza, na mlango huo hutegemea jambo lenyewe limefika hatua gani.

Jua jambo limefika wapi

Kabla ya kuandika barua au kuchora bango, kikundi kikae chini na kujibu maswali matatu. Je, kuna sheria inayokataza jambo hili? Kama ipo, je, kuna kibali au leseni inayoombwa sasa hivi? Na kama kibali kilishatolewa au sheria inavunjwa waziwazi, ni ofisi gani iliyopaswa kuzuia na haikuzuia? Majibu ya maswali haya yatakuonyesha kama unahitaji kalamu ya mwanasiasa, pingamizi la wananchi, au hukumu ya mahakama. Vikundi vingi huanza na maandamano kwa sababu ndiyo njia wanayoijua, kisha vinagundua kwamba aliyesikia kelele zao hakuwa na mamlaka ya kubadilisha chochote.

Pale ambapo sheria haipo

Hapa mwanasiasa hana mbadala. Mifuko ya plastiki ni mfano ambao kila mtu aliyewahi kununua nyanya sokoni anaukumbuka. Serikali ya Kenya ilijaribu kuibana mifuko hiyo mwaka 2007 na tena mwaka 2011 bila mafanikio. Mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, alikaa miaka kadhaa akipiga picha za taka na kuzisambaza mtandaoni, akiwataka watu waunge mkono marufuku. Februari 2017 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, alichapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na marufuku ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo, ikiwa na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Hakuna picha ambayo ingeweza kumtoza mtengenezaji faini ya milioni 2. Lakini pia sioni ni waziri gani angethubutu kuwakabili wenye viwanda iwapo wananchi hawangekuwa wamekwisha kuchoshwa na mifuko iliyoning'inia kwenye miiba.

Ukiwa katika hali hii, usimpelekee mheshimiwa malalamiko matupu, kwa sababu malalamiko anayo ya kutosha. Mpelekee kitu anachoweza kukifanya kwa jina lake: swali la kuuliza bungeni, kifungu cha kurekebisha, au fungu la bajeti. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na ombi lenye ukurasa mmoja na nusu, majina yaliyoandikwa kwa mkono na jambo moja tu linaloombwa husomwa haraka kuliko waraka wa kurasa arobaini.

Kwa mambo ya kaunti, kama vile jaa la taka lililojaa au mtaro uliozibwa, mwendee mwakilishi wadi, na umwendee kwa kufuata kalenda ya fedha. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayekwenda mwezi wa Juni atapokewa vizuri, atapewa chai, na ataambiwa asubiri mwaka ujao. Nenda Januari au Februari, wakati mpango wa matumizi bado unaandikwa, ukiwa na makadirio ya gharama hata kama ni ya kukisia kwa uangalifu: lori moja, safari mbili kwa wiki, vibarua wanne.

Jihadhari na tangazo lisilo na sheria nyuma yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, kisha ikawa inarefushwa. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuwa marufuku imeondolewa. Jambo lililowekwa kwa kauli ya jukwaani huweza kuondolewa kwa kauli ya jukwaani. Kwa hiyo mheshimiwa akikuahidi mbele ya kamera, mshukuru, kisha muulize kwa adabu kama ahadi hiyo itachapishwa katika Gazeti Rasmi, na lini.

Pale ambapo leseni inaombwa

Hapa ndipo wananchi hupoteza zaidi, na hapa ndipo wanaharakati wanapoweza kufanya ambayo wanasiasa hawawezi au hawataki, kwani mara nyingi mradi wenyewe ni wa wanasiasa.

Lamu inatosha kuwa darasa. Mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, wa megawati zipatazo 1,050, ulipangwa kujengwa Kwasasi, si mbali na Mji Mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Serikali kuu iliutaka. Wavuvi waliuliza kuhusu maji ya moto ambayo yangerudishwa baharini baada ya kupoza mitambo, na wengine wakauliza majivu yangemwagwa wapi. Leseni ya mazingira ilitolewa Septemba 2016. Muungano wa Save Lamu pamoja na wakazi walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni hiyo. Ukisoma sababu utaona jambo ambalo wengi hulipita: Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu. Lilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwa kuwa mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na matokeo ya utafiti wa athari zake hayakurudishwa kwao ili wayajadili.

Maana yake kwako ni kwamba daftari la kumbukumbu lina uzito kuliko kipaza sauti. Tangu mkutano wa kwanza, mtu mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuandika tarehe, mahali, nani alizungumza, lugha iliyotumika, na nini hakikusemwa. Niliwahi kuketi chini ya mwembe katika mkutano wa aina hiyo kuhusu machimbo ya mawe. Karatasi ilipitishwa, tukaandika majina, nambari za kitambulisho na za simu, tukapewa soda, mkate na nauli. Miezi michache baadaye karatasi ile ile ilionekana nyuma ya ripoti, juu yake pakiwa pameandikwa kwamba sisi ni wakazi tulioukubali mradi. Siku hizi, kando ya jina langu, huandika kwa herufi kubwa: NIMEHUDHURIA, SIJATOA KAULI. Kisha huupiga picha ukurasa mzima kabla ya kumpitishia jirani. Wasimamizi hukunja uso, lakini hakuna aliyewahi kuniambia nifute.

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inapowasilishwa kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, tangazo hutolewa magazetini na umma hualikwa kutoa maoni, kwa kawaida ndani ya siku 30. Siku hizo huisha haraka kuliko unavyodhani, hasa kwa kuwa gazeti lenyewe huenda halifiki kijijini. Mwombe mwalimu au kijana anayefanya kazi mjini awe mlinzi wa matangazo hayo. Ripoti ikipatikana, msijaribu kuisoma yote pamoja, maana ni ndefu na imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Igawanyeni. Mmoja achukue sura ya maji, mwingine ya afya, mwingine atafute kila mahali jina la kijiji chenu lilipotajwa, na mwingine asome viambatisho peke yake, kwa kuwa karatasi za mahudhurio hufichwa huko.

Maoni yenu yaandikwe kwa kutaja ukurasa. Sentensi kama "Sisi wakazi tunaupinga mradi huu kwa sababu utatuharibia maisha" ni ya kweli, ila haimlazimu mtu yeyote kujibu. Iandikeni hivi: "Sura ya maji inataja visima vitatu, kijiji hiki kina visima saba, na vinne visivyotajwa ndivyo vilivyo karibu zaidi na eneo la ujenzi. Tunaomba vipimwe kabla ya uamuzi wowote." Hapo mtaalamu aliyeiandaa ripoti analazimika kurudi uwanjani, au akubali kwamba hakufika. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na muirudishe nyumbani.

Leseni ikitolewa licha ya hayo yote, hesabu siku 60 za kukata rufaa katika Jopo. Usizitumie kumsubiri mbunge arudi kutoka ziarani. Mbunge anayewaunga mkono atakuwa msaada mkubwa wa kuwafungulia milango, na anayewapinga msimtukane hadharani, kwa sababu huenda mwaka ujao mkamhitaji kwa jambo la maji. Lakini uamuzi wa Jopo haupigiwi kura.

Pale ambapo sheria ipo na inavunjwa

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi, yaani metali ya "lead" iliyomo ndani ya betri. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga vita baada ya mwanawe mchanga kugunduliwa kuwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, kesi ikafikishwa mahakamani mwaka 2016, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sheria zilizovunjwa zilikuwepo siku zote, na ofisi za kuzitekeleza zilikuwepo pia. Kilichohitajika ni mtu wa kung'ang'ania faili kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi hiyo haiendani na muhula wa miaka mitano wa mwanasiasa.

Katiba inakurahisishia hapa kuliko watu wanavyojua. Kwa mujibu wa kifungu cha 70, anayekwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara au ameumia. Basi usisubiri mtoto augue ndipo uwe na kesi. Anza kwa kuomba taarifa: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Omba ripoti za ukaguzi wa kiwanda, ukitaja miaka unayoitaka. Wakikujibu, una ushahidi wa yaliyokaguliwa, na wakinyamaza, barua yako yenye muhuri ni ushahidi wa ukimya wao.

Mtu yule yule anapovaa kofia zote mbili

Wapo wanaoshauri kwamba mwanaharakati agombee kiti ili amalize ubishi. Wangari Maathai alifanya hivyo. Akiwa nje ya serikali alianza mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na halikujengwa, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa akiutetea msitu wa Karura. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu mwishoni mwa 2002, akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na kufikia mwishoni mwa 2005 alikuwa ameshaondoka serikalini. Kwa maoni yangu, Uhuru Park na Karura zinamkumbuka kwa aliyoyafanya kabla hajapewa gari la serikali. Waziri msaidizi hutii baraza la mawaziri. Ikiwa mmoja wenu anataka kugombea, mwacheni agombee, lakini ahakikishe kikundi kina mwenyekiti mwingine na ufunguo wa kabati la faili haubaki mfukoni mwake.

Baada ya kushinda

Msivunje kikundi siku ya ushindi. Marufuku ya mifuko ina miaka kadhaa sasa, na bado kwenye baadhi ya masoko muuzaji huinama chini ya meza na kuchomoa kimfuko chembamba kisicho na alama yoyote, akikufungia dagaa huku akitazama huku na huko. Kimfuko hicho kina mahali kilikotoka. Kihifadhi, andika tarehe na jina la soko kwenye kipande cha karatasi, usimtaje mama muuzaji, kwa kuwa yeye hakukitengeneza, kisha pelekeni vitano au sita vya namna hiyo kwa pamoja kwenye ofisi ya NEMA ya kaunti, mkiwa na barua ya nakala mbili. Nakala ya pili igongwe muhuri.